Mulungwishi: Sigara moja kwa mtoto, onyo linabaki kwenye pakiti

Mulungwishi, kwenye barabara inayotoka Likasi kwenda Kolwezi, inajulikana kwanza kwa masomo. Hapo ndipo kilipo chuo kikuu cha Wamethodisti cha Katanga, kilichoanza kama shule ya teolojia mwaka 1951. Asubuhi, watoto wenye mashati meupe na sketi au suruali za buluu wanaelekea shuleni. Lakini barabara hiyo ni pia ya malori ya shaba na kobalti. Na kama katika vijiji vingine vya barabara kubwa za Haut-Katanga, pale magari yanaposimama meza za biashara ndogo hazikosi: karanga, biskuti, sabuni, kadi za simu, na kando yake pakiti ya sigara iliyofunguliwa.

Kwa mwanafunzi wa miaka 14 au 15, pakiti hiyo iliyofunguliwa ndiyo mlango. Pakiti nzima ina sigara 20, na mtoto hana pesa ya kuilipa. Sigara moja anaiweza. Pesa aliyopewa nyumbani ili ale kitu wakati wa mapumziko inamtosha. Anaweza hata kuchanga na rafiki wawili, wakavuta kwa zamu nyuma ya ukuta, kisha wakatafuna bombo ya minti ili harufu isisikike nyumbani.

Kuuza moja moja kunaficha jambo lingine. Onyo kuhusu magonjwa limeandikwa kwenye pakiti. Anayenunua sigara moja haishiki pakiti, hasomi onyo. Anapokea sigara, anawashiwa kiberiti, anaondoka. Na mara nyingi muuzaji haulizi umri, kwa sababu amezoea kuona watoto wakija na kusema: «Papa amenituma.» Mara nyingi ni kweli. Baba anayemtuma mtoto kununua sigara anafikiri anaokoa hatua chache tu. Lakini mtoto anajifunza mahali zinapouzwa na bei yake, na kwamba hakuna atakayemkataza. Siku atakayonunua yake mwenyewe, muuzaji hataona tofauti.

Hatari kwa umri huo inatoka kwenye nikotini, dawa ya kulevya iliyo ndani ya tumbaku. Mtu akivuta moshi, nikotini inafika kwenye ubongo kwa sekunde chache. Ubongo wa kijana unaendelea kukua hadi karibu miaka 25, ndiyo maana unazoea haraka kuliko wa mtu mzima. Sigara ya mchezo ya Jumamosi inakuwa ya kila siku. Mwanafunzi anakosa utulivu darasani, anakasirika bila sababu, na pesa ndogo za nyumbani zinaanza kupotea.

Moshi wenyewe una kemikali zaidi ya 7.000, na zisizopungua 69 kati yake zinaweza kuleta kansa. Lakini katika Congo, kabla ya kansa kuna kifua kikuu. RDC iko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani (OMS) ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huo, na uvutaji wa tumbaku unaongeza hatari ya kuupata na ya kufa nao. Kijana anayetoka shuleni na kwenda kusaidia kwenye machimbo, akipumua vumbi la mawe, anaongeza moshi juu ya mapafu ambayo tayari yanateseka.

Leo kuna pia sigara za kielektroniki, ambazo hazichomi tumbaku bali zinapasha moto maji yenye ladha. Zina rangi za kupendeza na harufu ya embe au bombo. Nyingi zina nikotini, hata kama anayevuta hajui. Mwezi wa kumi 2025, OMS ilikadiria kwamba watoto wasiopungua milioni 15 wa umri wa miaka 13 hadi 15 wanazitumia duniani. Chombo kimoja kinaweza kuzunguka mikononi mwa kundi zima la marafiki, na mvuke wake hauachi harufu ambayo mzazi anaijua. Njia inabaki ile ile ya sigara moja moja: bei inagawanywa, na kitu kinaonekana kidogo.

Sheria haikosekani. RDC iliridhia mwaka 2005 mkataba wa OMS wa kupambana na tumbaku. Kifungu cha 16 cha mkataba huo kinataka nchi zikataze kuwauzia watoto tumbaku, na zijitahidi kukataza kuuza sigara moja moja, kwa sababu ndiko kunakoifanya iwe rahisi kwa watoto. Sheria ya Congo ya 2009 ya kulinda mtoto inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Sheria ya afya ya umma ya Desemba 2018 nayo inagusa mapambano juu ya tumbaku.

Nchi nyingine zinaonyesha kwamba karatasi peke yake haitoshi. Kenya, kwa sheria yake ya 2007, ilikataza kuuza sigara katika pakiti yenye chini ya 10. Hata hivyo, kwenye vibanda vya Nairobi bado zinauzwa moja moja. Uganda ilienda mbali zaidi kwa sheria ya 2015: umri wa kununua ni miaka 21, na sigara za kielektroniki na shisha zimekatazwa. Lakini hata sheria kali inahitaji mtu wa kuitumikisha mahali sigara inapouzwa.

Hapo kunakuja swali la haki: mama wa meza ataishi na nini? Akifungua pakiti na kuuza moja moja, anapata faida kubwa kidogo kuliko akiuza pakiti nzima, na faida hiyo inanunua unga. Hakuna anayeweza kumwambia aache bila kufikiri juu ya sufuria yake. Lakini kumkatalia mtoto mwenye yunifomu si kufunga biashara. Madereva na wapita njia wazima watabaki. Na mtoto huyo anaweza kuwa wake, au wa jirani yake.

Katika mahali padogo kama Mulungwishi, ambapo watu wanajuana, mambo matatu yanaweza kuanza bila kungoja Kinshasa wala Lubumbashi. Wazazi waache kutuma watoto sigara, ili neno «Papa amenituma» lisiwe tena ruhusa. Komite ya wazazi, prefe wa shule na mkubwa wa mtaa wakae na wauzaji wa karibu na shule, wakubaliane juu ya jambo moja tu: hakuna sigara kwa mwenye yunifomu. Na mwalimu akimkuta mwanafunzi anavuta, ampeleke kwanza kwenye kituo cha afya kabla ya kumfukuza. Mtoto aliyefukuzwa anaenda kukaa barabarani, pale pale sigara zinapouzwa.

Kwa kijana aliyekwisha kuanza, habari si mbaya zote. Hamu kali ya kuvuta hudumu dakika chache tu. Maji ya kunywa, kutembea au kuzungumza na mtu husaidia ipite. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo yanaanza kushuka. Baada ya saa 12, hewa ya sumu ya moshi inapungua katika damu hadi kiwango cha kawaida. Kati ya wiki 2 na 12, mapafu yanafanya kazi vizuri zaidi. Kwa mwenye miaka 15, hayo yote yanaweza kutokea kabla muhula haujaisha.