Cherehani, na Mahali pa Kumlaza Mtoto
Saza, mkoani Songwe, dhahabu ilichimbwa tangu enzi za mkoloni. Katika machimbo madogo ya nchi yetu akina mama wengi huponda mawe na kuosha marudio, hata kushika zebaki kwa mikono mitupu, ilhali duara lina mwenyewe. Tukiwaambia waache, tunawapa nini?

Huko Gulu, Uganda, Sista Rosemary Nyirumbe aliwafundisha ushonaji wasichana waliotoroka mikononi mwa waasi wa Kony. Wengi walirudi na watoto, naye akawapokea pamoja nao. Hapo ndipo tunapokosea mara nyingi: darasa lisilo na mahali pa kumwacha mtoto humkosa mama mwenye shida kuliko wote. Cherehani tunaweza kuzichangia parokiani; tuanze na chumba cha watoto.