Mgeni wa Angani Anaposhika Kalamu

Hebu kumbuka sinema za makauboi ulizotazama utotoni. Kauboi alipoinua bunduki, ulimshangilia nani? Bila shaka ni yeye. Wahindi Wekundu walipoporomoka kutoka juu ya farasi wao, tulipiga makofi, wala hatukuuliza marehemu ameacha nani nyumbani. Kamera ilisimama upande mmoja, nasi tukasimama papo hapo.

Hadithi za viumbe kutoka sayari nyingine huenda vivyo hivyo. Katika filamu ya Independence Day ya mwaka wa 1996, wageni wanateketeza miji yetu, sisi tunawalipua, mchezo umekwisha. Kiumbe mmoja tu ndiye anayepewa nafasi ya kusema, na akiulizwa wanataka tufanye nini, jibu lake ni kwamba tufe!

Hata hivyo, wako waandishi ambao, walipoketi kuandika kitabu cha pili au cha tatu cha hadithi ile ile, walimpa kalamu yule mgeni. Mmarekani Orson Scott Card alitoa Ender's Game mwaka wa 1985. Humo kijana anafundishwa vita kwa michezo, na anaangamiza jamii nzima ya viumbe wanaofanana na wadudu akidhani yumo katika mazoezi. Kisha anaandika kitabu kidogo kwa sauti ya malkia wa wale aliowamaliza. Katika Speaker for the Dead, kilichofuata mwaka wa 1986, kitabu hicho kimesomwa katika sayari nyingi, na kila anayekisoma anamlaani Ender bila kujua kwamba ndiye mwandishi.

Lakini aliyeifikisha kazi hii mbali zaidi, kwa maoni yangu, ni Octavia Butler, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Pasadena, California, mwaka wa 1947 na kufariki mwaka wa 2006. Mama yake alikuwa mfanyakazi wa nyumbani katika nyumba za Wazungu. Octavia alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, aliona kwenye televisheni filamu mbovu kuhusu mwanamke kutoka sayari ya Mirihi, akajiambia kwamba hata yeye angeweza kutunga hadithi nzuri kuliko ile. Mwaka wa 1995 alikuwa mwandishi wa kwanza wa hadithi za kisayansi kupewa tuzo ya MacArthur.

Kitabu chake Dawn (1987) kinaanza baada ya vita vya nyuklia. Lilith Iyapo, mjane wa Mnigeria, anaamka ndani ya chombo cha angani, miaka 250 baada ya dunia kuharibiwa. Waliomwokoa wanaitwa Oankali. Mwili wa yule anayekuja kumwona umejaa vitu vinavyochezacheza kama minyiri ya pweza, na Lilith hawezi hata kumtazama. Wamemponya kansa. Wamewaokoa wanadamu waliosalia. Lakini wao ni wafanyabiashara, na bidhaa yao ni jeni: lazima wachanganye damu yao na yetu, na hakuna binadamu atakayezaa tena bila wao. Hakuna aliyeulizwa kama anakubali. Ukifunga kitabu hicho umejaa hasira, na una haki.

Katika Adulthood Rites (1988) tunamfuata Akin, mtoto chotara wa Lilith, anayetekwa na wanadamu waliokataa kuishi na wageni. Kwa kuwa ameishi nao, ndiye anayesimama mbele ya Oankali kuwatetea wapewe haki ya kuzaa na mahali pao wenyewe, huko Mirihi.

Halafu kinakuja Imago (1989), na hapo ndipo mambo yanapogeuka. Anayesimulia sasa ni Jodahs, mwana mwingine wa Lilith, naye anasema "mimi". Jodahs si mume wala mke; ni wa jinsia ya tatu ya Oankali. (Kiingereza kinamwita kwa neno lile lile la kiti na meza. Kiswahili chetu kingemwita "yeye" tu, bila taabu yoyote.) Ana uwezo wa kuponya kwa kugusa. Bila wenzi wa kibinadamu mwili wake unakosa utulivu. Basi wewe msomaji unaanza kumhurumia. Unaogopa pamoja naye binadamu wanapojitokeza na bunduki. Lilith, uliyekuwa ndani ya kichwa chake katika kitabu cha kwanza, sasa unamwona kwa mbali, mama mwenye huzuni ambayo mwanawe haielewi sawasawa.

Je, Butler anatuambia kwamba Oankali walikuwa na haki? La hasha! Kitabu kinaisha Jodahs akipanda mbegu ya mji mpya. Ni tendo la upole, nawe unafurahi kana kwamba umehudhuria harusi. Lakini aliyevisoma vitabu vilivyotangulia anajua kwamba miji hiyo ni hai, kwamba siku moja itakua kuwa vyombo vya kuruka angani, na itakapoondoka itakuwa imeila dunia hii ikabaki mwamba mtupu. Jodahs hatudanganyi. Yeye mwenyewe haoni ubaya. Anazungumza kwa sauti tamu, na mimi niliposoma mara ya kwanza nilijikuta nimesahau kabisa hasira ya Lilith. Nililazimika kurudi nyuma kuitafuta.

Vitabu hivyo vitatu viliunganishwa kuwa kimoja mwaka wa 2000, kwa jina Lilith's Brood. Wazazi, mambo ya chumbani yamo, kwa hivyo watoto wa shule ya msingi waacheni kwanza. Mwanafunzi aliye karibu kumaliza sekondari anaweza kuvisoma, na ni afadhali mvisome pamoja mbishane mezani. Ila usianze na cha tatu, hata kama ndicho utakachokipata kwanza kwa muuzaji wa vitabu vya mitumba. Utampenda Jodahs kabla hujajua Lilith aliogopa nini.