UZI: Mpaka wa hifadhi ukisongeshwa, nani anapoteza shamba na nani analipa?

Kila mjadala wa mipaka ya hifadhi ukianza hapa, watu hugawanyika papo hapo. Kuna wa "hifadhi isiguswe" na kuna wa "mnataka kunyakua ardhi ya wananchi". Kelele zinaanza kabla mtu hajasoma mswada wenyewe unasema nini. Leo natumia mfano wa mbali, makusudi kabisa, ndio msianze kuniuliza niko mrengo gani.

Twendeni Virginia, Marekani. Kuna mahali panaitwa Manassas, kama kilomita 48 kutoka Washington. Tarehe 21 Julai 1861, mapigano makubwa ya kwanza ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe yalifanyika hapo. Zaidi ya watu 800 waliuawa siku hiyo moja. Agosti 1862 majeshi yakarudi pale pale, na awamu hiyo ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1940 serikali ikapafanya hifadhi ya taifa.

Shida ya uwanja wa vita ni kwamba askari hawapigani ndani ya fensi. Walitapakaa mashambani, vilimani, kando ya vijito. Hifadhi ilichukua sehemu tu, kwingine kukabaki mashamba ya watu. Ndio maana kila baada ya miaka kadhaa suala linarudi Kongresi: mstari usongeshwe au uachwe? Ulibadilishwa 1954, ukabadilishwa tena 1980.

Sasa hapa ndipo wengi hupotea, kwa hivyo someni polepole. Mpaka ulioandikwa kwenye sheria si hatimiliki. Kongresi ikisongesha mstari ukazunguka shamba lako, kwa kawaida siku hiyo shamba bado ni lako. Unalima, unaishi, unalipa kodi ya ardhi kwa kaunti kama jana. Kilichobadilika ni kwamba wasimamizi wa hifadhi sasa wana ruhusa ya kutumia pesa za umma kulinunua, na mara nyingi sheria hizo zinataka ununuzi uwe wa hiari. Kwa hivyo ukisikia "mswada unaongeza ekari elfu moja kwenye hifadhi", usikimbilie kusema watu wamefurushwa. Pia usishangilie ati ardhi imeokolewa. Bado hakuna aliyetoa hata senti.

Turudi 1980. Karibu na hifadhi kulikuwa na kipande cha zaidi ya ekari 500, ndani yake kilima kinachoitwa Stuart's Hill. Jenerali Robert E. Lee aliweka makao yake hapo wakati wa mapigano ya 1862. Miaka ya sabini kampuni moja kubwa ya hoteli ilikuwa imetaka kujenga bustani ya burudani kwenye kipande hicho, ikashindikana. Mpaka ulipopanuliwa, kipande hicho kikaachwa nje. Kaunti ilitaka kibaki ardhi ya biashara. Na tusiwacheke, kaunti yoyote ingefikiria hivyo: ardhi ikishakuwa ya serikali kuu hailipi kodi, na shule na barabara za kaunti zinategemea kodi hiyo.

Baadaye kikapata mwenye mpya. Akaomba kujenga nyumba na ofisi, kaunti ikampa idhini. Halafu Januari 1988 akatangaza kwamba sasa ataweka na jumba la maduka la futi za mraba milioni 1.2. Hapo nchi ikawaka. Wanahistoria, maveterani na majirani wote wakaja juu. Na huku Washington wanajadiliana, tingatinga zilikuwa zinaendelea kuchimba.

Mimi napenda historia, lakini hapa lazima niwe mkweli: huyo mwekezaji hakuwa mnyakuzi. Alinunua, akapata idhini, akafuata utaratibu wa kaunti. Kama kuna kosa, lilianzia kwa waliochora mstari wa 1980 wakijua fika kilima kile kilikuwa nini.

Kongresi ikafanya jambo la nadra. Haikusongesha mpaka tu. Sheria ilisema ardhi hiyo inakuwa mali ya serikali siku ile ile sheria inapotiwa saini, na hesabu ya fidia itafuata. Ilitiwa saini tarehe 10 Novemba 1988, ujenzi ukakoma. Na mnajua ilipitia wapi? Ilichomekwa ndani ya sheria ya kodi. Naam, kodi. Anayesema mambo ya kuchomeka vifungu kwenye miswada isiyohusiana ni ya Nairobi peke yake, hapo nampinga.

Bili ilipokamilika ilizidi dola milioni 130, pesa za walipa kodi wa nchi nzima. Thamani ilikuwa imepanda kwa sababu idhini ya ujenzi ilishatolewa na kazi ilishaanza. Shamba tupu la 1980 lingegharimu kiasi kidogo sana ukilinganisha na hicho.

Wengine mnauliza kama hilo lingewezekana hapa. Kifungu cha 40 cha Katiba yetu kinaruhusu serikali kuchukua ardhi kwa manufaa ya umma, ila kinataka fidia ya haki, kamili na ya haraka. Hilo neno "haraka", waulizeni wenye mashamba yaliyopitiwa na barabara. Na ikiwa mbuga ya wanyama ndiyo inapunguzwa, sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka wananchi washauriwe na Bunge la Taifa liidhinishe. Tangazo la waziri pekee halitoshi.

Kwa hivyo mswada wa mipaka ukitua, mimi huanza na ramani, halafu natafuta mambo matatu: ununuzi ni wa hiari au wa lazima, pesa zinatoka mfuko gani, na kaunti inafidiwa vipi kodi ikipotea. Hotuba nasoma mwisho, nikipata nafasi.

Na kuna kitu kimoja watu husahau kuhusu Manassas. Sheria ile ile ya 1988 iliagiza ufanywe utafiti wa kuhamisha barabara kuu mbili zinazokata katikati ya hifadhi. Jumba la maduka halikujengwa. Barabara bado zinapita pale pale, na malori yake.