Aundaye Gari Nyumbani Apewe Kipimo, Si Makofi Tu

Mara kwa mara katika nchi yetu hutokea kijana ambaye hakupata kukanyaga chuo kikuu, akakusanya mabomba ya chuma, mabati, viti vikuukuu na injini ya pikipiki, akaviunga uani kwa wazazi wake mpaka vikawa gari. Siku gari hilo litokapo nje, mtaa mzima hujaa. Watu hupiga makofi, picha hupigwa, na wakubwa hufika kumpa mkono na kumwahidi mema. Kisha miezi hupita. Ahadi husahauliwa, gari huota kutu chini ya mwembe, na kijana hurudi kuziba pancha za bodaboda kama zamani. Sisi twaona ya kuwa jambo hili si la kuchekwa, wala si la kushangiliwa tu. Ni jambo la kupimwa. Uhodari unaosifiwa bila ya kupimwa haukawii kufa.

Twapenda kulitazama jambo hili kutoka Mpanda, kwa kuwa huko haja yake yaonekana wazi. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958, yaani zaidi ya maradufu katika miaka kumi. Watu hao wameenea katika nchi ya kilometa za mraba zaidi ya 45,000, ambayo sehemu yake kubwa ni misitu na hifadhi ya wanyama. Lami imekwisha fika Mpanda kutoka Tabora, lakini mkulima hakai juu ya lami. Mahindi yake, mpunga wake na tumbaku yake viko ndani, upande wa Mishamo, wa Inyonga, wa Majimoto au wa Karema kwenye Ziwa Tanganyika. Kati ya shamba na barabara kuu kuna njia ambayo lori haliipendi na ambayo baiskeli haiwezi kuichukulia mzigo wa kutosha. Pengo hilo ndilo linalojazwa leo na pikipiki na guta la magurudumu matatu.

Mji wa Mpanda wenyewe ulikua kwa sababu ya mashine. Baada ya Vita Kuu ya Pili ilijengwa reli ya kilometa 210 kutoka Kaliua, ili kuchukua madini ya risasi ya mgodi wa Uruwira. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Mashine za mgodi wa namna ile hubuniwa kwingine, huendeshwa kwa amri ya kwingine, na madini yakoma nazo huondoka. Injini ya pikipiki haiko hivyo. Imeingia katika kila kijiji, vipuri vyake vyauzwa madukani, na fundi wake ni mtoto wa mtaani, wa Makanyagio au wa Majengo, ambaye aweza kuifungua na kuifunga akiwa amekaa juu ya tofali. Basi haishangazi kwamba fundi huyo akitaka kuunda gari, huanza na injini aijuayo.

Wako wasemao kwamba gari la injini ya pikipiki ni mchezo wa watoto. Tungewaomba ndugu hao waitazame bajaji inayowachukua kila siku. Asili ya vyombo vya namna hiyo ni Ape, kigari cha magurudumu matatu kilichotolewa na kampuni ya Piaggio huko Italia mwaka 1948, kwa kuichukua pikipiki ya Vespa na kuitia sehemu ya mizigo nyuma. Huko Ujerumani, mwaka 1955, kampuni ya BMW ilianza kuuza kigari kiitwacho Isetta, chenye injini ya pikipiki ya sentimita za ujazo 247 na nguvu za farasi 12 tu. Mpaka kilipokoma mwaka 1962, vilikuwa vimeundwa zaidi ya 160,000. Na huko Japani, Soichiro Honda alianza mwaka 1946 kwa kufunga vijiinjini juu ya baiskeli. Mwaka 1963 kampuni yake, ambayo tayari ilikuwa na jina kubwa kwa pikipiki, ilitoa gari lake la kwanza, nalo lilikuwa kigari cha mizigo cha injini isiyofika sentimita za ujazo 360. Mataifa haya yalikuwa yametoka vitani, watu wake hawakuwa na fedha, nao walianza na kilichokuwa mkononi. Hawakuona haya. Kwa nini sisi tuone haya?

Lakini ni lazima tuseme kweli yote, kwa maana kumpenda fundi si kumficha shida za kazi yake. Injini ya pikipiki iliundwa kwa ajili ya pikipiki. Ikitiwa ndani ya gari, hukutana na mambo ambayo haikuyatarajia.

La kwanza ni joto. Injini nyingi za bodaboda hupozwa na upepo unaoipiga pikipiki ikienda. Ukiifungia injini hiyo ndani ya sanduku la bati, upepo haupo, nayo huchemka mpaka pistoni ikakwama. Ndiyo maana injini nyingi za maguta zimeongezewa feni, au maji na rejeta. Aundaye gari hana budi kuipa injini njia ya upepo, au kuchagua injini ya guta tangu mwanzo.

La pili ni nguvu. Injini ya sentimita za ujazo 125 ina nguvu za farasi zipatazo 10. Hizo zatosha pikipiki na watu wawili. Gari lenye chuma, viti na mizigo huzielemea. Dawa yake iko katika meno ya sproketi. Sproketi ndogo ya meno 15 ikiivuta kubwa ya meno 45, ekseli huzunguka mara moja kwa kila mizunguko mitatu ya ile ndogo, na nguvu ya kukokota huongezeka mara tatu. Bei ya nguvu hiyo ni mwendo: gari litapanda mlima, lakini halitakimbia. Fundi mwenye busara huipokea bei hiyo kwa furaha, kwa sababu gari la shamba halina haja ya mbio.

La tatu ni kona na kurudi nyuma. Pikipiki ina gurudumu moja nyuma; gari lina mawili. Katika kona gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani. Yakifungwa yote mawili juu ya ekseli moja bila ya difu, moja huburutwa, tairi huliwa, na usukani hukataa kutii. Tena pikipiki haina gia ya kurudi nyuma, kwa kuwa mwenyewe huisukuma kwa miguu. Ekseli ya guta ina difu, na gia ya kurudi nyuma hupatikana katika maguta yale yale. Kwa hiyo aliye Mpanda aweza kuvipata vitu hivyo katika guta bovu bila ya kungojea meli.

Hayo matatu yakikosewa, gari husimama tu. La nne likikosewa, gari halisimami, nalo ndilo tuliogopalo. Breki ya pikipiki imepimwa kwa pikipiki na wapandaji wake. Gari la nyumbani likiwa na watu na gunia la mahindi laweza kuzidi uzito huo maradufu na zaidi. Wala mwendo hauongezi hatari kwa kadiri moja na mwendo wenyewe. Gari lendalo kilometa 60 kwa saa hubeba nguvu mara tisa ya lile lile likienda kilometa 20, na nguvu hiyo yote hapana budi imalizwe na breki. Ongeza hapo usukani uliochomelewa kwa haraka, kwa kichomeleo ambacho juu chang'aa na ndani kina tundu. Kichomeleo cha namna hiyo hakitoi taarifa. Hukatika siku ya mteremko, na siku hiyo hapana makofi.

Kwa hiyo sisi hatukubaliani na wale wanaomwambia kijana, siku ya kwanza ya gari lake, alitie barabarani apite kati ya malori ili nchi imwone. Huko si kumheshimu. Kama gari halikupimwa, mahali pake ni uani, shambani na uwanjani. Wala hatukubaliani na wale wanaolichukua gari likae kituoni, bila ya kumweleza mwenyewe amekosa nini na afanye nini alipate. Kati ya makofi na pingu pana njia ya tatu, nayo ndiyo tunayoitaka.

Njia hiyo wengine wamekwisha ipita. Katika Uingereza mtu aundaye gari lake nyumbani hazuiwi. Hulipeleka kwa wakaguzi, nao hutazama breki, usukani, taa, mikanda na viungo vyote vya gari hilo moja. Likifaulu hupewa namba. Lisipofaulu hupewa orodha ya makosa, akaenda kuyatengeneza na kurudi. Utaratibu uliopo huko sasa ulianza mwaka 2009. Hapa kwetu hatukosi watu wa kazi hiyo. Askari wa usalama barabarani hukagua magari kila siku, na Mamlaka ya Mapato ndiyo itoayo namba. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina walimu wa kuchomelea na wa mitambo. SIDO iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo hasa. Kinachotakiwa ni vyombo hivyo kukaa pamoja hata mara mbili kwa mwaka katika kila mkoa, siku iliyotangazwa mapema, ili kila mwenye chombo alichokiunda akilete, kipimwe bure au kwa ada ndogo, na mwenyewe aondoke na karatasi yenye kasoro zake. Karatasi hiyo itamfaa kuliko picha mia.

Atakayesema kwamba sheria haiwezi kukifuata chombo kipya, na akumbuke habari za bodaboda na bajaji. Vyombo hivyo vilikuwa vikichukua abiria mitaani kabla ya kanuni zake kutoka mwaka 2010. Chombo kilitangulia, kanuni ikafuata, na leo maelfu ya vijana wapata riziki humo. Jambo lililowezekana kwa chombo kilichotoka ng'ambo haliwezi kushindikana kwa chombo kilichotoka Mpanda.

Twajua pia kwamba jirani zetu na sisi wenyewe tumejaribu makubwa. Mwaka 1986 Rais Moi wa Kenya aliagiza liundwe gari la nchi yake. Mwaka 1990 magari ya Nyayo yakaonyeshwa, matano tu, yakaishia hapo kwa kukosa fedha za kiwanda. Wanafunzi na walimu wa Makerere walilionyesha gari la umeme la Kiira mwaka 2011. Kwetu, kituo cha Nyumbu huko Kibaha kimeishughulikia kazi ya magari tangu miaka ya 1980, na mwaka 2022 mchoraji wa katuni Masoud Kipanya alionyesha kigari cha umeme alichokiunda Dar es Salaam. Mafunzo tuyapatayo humo ni kwamba gari la kwanza si mwisho wa safari. Kulionyesha ni rahisi kuliko kuunda la pili lililo sawa na la kwanza, na la kumi lililo bora kuliko la pili. Na hilo halipatikani bila ya vipimo vilivyoandikwa.

Basi twamwambia kijana mwenyewe maneno machache ya kindugu. Usianze na gari la fahari lenye milango ipaayo juu na rangi ya kung'aa. Anza na kigari cha mizigo ambacho jirani yako atakikodi wakati wa mavuno. Tengeneza breki kabla ya kutengeneza bodi. Kila bomba ulikatalo, andika urefu wake katika daftari. Kila sproketi, andika meno yake. Kila kitu kilichovunjika, andika kilivunjikia wapi na kwa mzigo gani. Daftari hilo ndilo litakalomfundisha mwenzako kuunda la pili, na ndilo utakalomwekea mkaguzi mezani.

Na kwa halmashauri za Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika twasema hivi: mcheza kwao hutunzwa, na tunzo ya fundi ni kazi. Kila mwaka zinunuliwapo toroli za taka, matela ya kuchotea maji na vigari vya sokoni, na waalikwe mafundi wa hapo hapo washindane kwa bei na kwa ubora, chini ya kipimo kile kile kwa wote. Atakayeshindwa ajue sababu yake. Atakayeshinda alipwe kwa wakati.

Wengine watasema kwamba magari makuukuu ya Japani ni rahisi, ya nini kujisumbua. Hatumtumi kijana wa Mpanda akashindane na Japani. Twasema kwamba mtu aliyeweza kuunda gari dogo likapita ukaguzi ni mtu awezaye kutengeneza mashine ya kukoboa mpunga, pampu ya maji na trekta la jirani yake, tena kwa hesabu na si kwa kubahatisha. Mtu huyo ni mali. Tusimwache apotee kwa dharau, wala tusimwache afe mteremkoni kwa sifa zetu.