Eksirei inayofuata njia ya mate

Mtu anayevimba chini ya taya kila anapoketi kula, kisha uvimbe ukanywea saa moja au mbili baadaye, mara nyingi hudhani ni jino. Wengine husema ni matumbwitumbwi. Huenda ikawa si hili wala lile, bali ni mfereji wa mate ulioziba.

Binadamu ana jozi tatu za tezi kubwa za mate: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Mfereji wa tezi iliyo mbele ya sikio hutokea ndani ya shavu, mkabala na gego la pili la juu. Unaitwa kwa jina la Niels Stensen, raia wa Denmark, aliyeugundua mjini Amsterdam mwaka 1660 alipokuwa akipasua kichwa cha kondoo. Mfereji wa tezi iliyo chini ya taya ni mrefu, hupanda kuelekea chini ya ulimi, na mate yake ni mazito zaidi. Ndiyo maana takriban vijiwe 8 kati ya 10 vya mate hupatikana huko.

Eksirei ya kawaida huonyesha mifupa pamoja na vijiwe vyenye chokaa nyingi. Mfereji wenyewe hauonekani, na vijiwe vyenye chokaa kidogo hupotea pichani. Hapo ndipo inapohitajika sialografia.

Mgonjwa huonjeshwa limau ili mate yatiririke na tundu la mfereji, ambalo ni dogo mno, lijitokeze. Mrija mwembamba huingizwa humo, kisha dawa yenye iodini, ambayo kwa kawaida haifiki hata mililita 2, husukumwa polepole. Mgonjwa husikia tezi ikijaa. Maumivu yakianza, kazi husimamishwa. Kwa kuwa iodini huzuia miale, mfereji na vijitawi vyake huonekana mithili ya mti uliopukutika majani. Kijiwe huwa kama doa tupu katikati ya dawa, na kovu huonekana kama shina lililobanwa. Baadaye mgonjwa hupewa limau tena na kupigwa picha ya mwisho: dawa ikibaki ndani, tezi haijimwagi ipasavyo.

Kipimo hiki hakifanywi tezi ikiwa na maambukizi makali, kwani dawa inaweza kusukuma vijidudu ndani zaidi. Mwenye mzio wa iodini naye hana budi kumweleza daktari mapema.

Siku hizi altrasaundi hutangulia, na kuna aina ya MRI inayotumia mate yenyewe kuchora mfereji, bila mrija wala miale. Hata hivyo, sialografia haijatupwa, maana huonyesha vyema sehemu nyembamba zilizosinyaa. Tena baadhi ya wagonjwa hupata nafuu kwa kipimo chenyewe, kwa kuwa dawa inapopita husafisha mfereji na kuondoa ute uliouziba.