Dunia Ikiisha, Nani Atajua Kuyeyusha Chuma?

Katika Pumzi, filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu iliyotoka mwaka 2009, maji yamekwisha duniani. Vita vya kuyagombea vimepita, na walionusurika wamejifungia ndani ya jengo moja, ambamo hata jasho na mkojo husafishwa ili vinyweke tena. Wakubwa wanashikilia kwamba huko nje hakuna kinachoota. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapokea udongo wenye unyevu, anaatika mbegu kongwe, na mche ukichipua anatoroka nao kwenda jangwani.

Hadithi za namna hii zimeshamiri miongoni mwa waandishi wa jamii zilizowahi kuvamiwa. Nchini Kanada, Cherie Dimaline, mwandishi wa jamii ya Métis, alitoa The Marrow Thieves mwaka 2017. Humo watu wasio wazawa wamepoteza uwezo wa kuota ndoto, na wazawa wanawindwa kwa ajili ya uboho wa mifupa yao. Lugha ya bibi mmoja mzee ndiyo inayoivunja mitambo ya wawindaji. Kwa Kiswahili, Euphrase Kezilahabi alikwishaandika juu ya dunia iliyoteketea katika Mzingile, mwaka 1991.

Waandishi hawa hawahitaji kubuni kila kitu, kwa kuwa jamii zao zimekwishaona dunia yao ikivunjika. Ufipa, mkoani Rukwa nchini Tanzania, nao uliyaona hayo. Katika miaka ya 1840 Wangoni wa Zwangendaba walifika kutoka kusini, na kiongozi wao akafia hapo hapo Ufipa. Miaka ya 1890 sotoka ikafyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki, na utawala wa Wajerumani ukaingia.

Wafipa walibaki na ujuzi wao. Mahali kadhaa katika uwanda wa Ufipa bado yanaonekana matanuri ya chuma, marefu kuliko mtu, yaliyojengwa kwa udongo wa kichuguu. Tanuri hilo, ilungu kwa Kifipa, halikuhitaji mivukuto: hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini, moto ukapanda. Chuma kilichopatikana kilipelekwa kwenye tanuri dogo lenye mivukuto kusafishwa, kisha mhunzi akafua majembe. Tanuri jipya lilipambwa kama bibi harusi, na wayeyushaji walijitenga na wake zao hadi kazi iishe.

Majembe ya kiwandani yalipofika kwa wingi, moto wa malungu ukazimika katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwaka 1969 J.A.R. Wembah-Rashid alichapisha maelezo ya wahunzi wa Ufipa, na baadaye Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akachunguza mabaki ya chuma huko Ufipa.

Ujuzi mwingine uliokoka mashambani. Uwanda wa Ufipa una nyasi nyingi na miti michache, kwa hiyo kilimo cha kukata na kuchoma msitu hakikufaa. Mkulima hugeuza nyasi kwa jembe, akazifukia ndani ya matuta ya mviringo, intumba, zioze humo. Maharage hupandwa juu yake. Msimu unaofuata tuta husambazwa na ulezi ukasiwa kwenye udongo ulioshiba mbolea.

Kwa nini intumba iliishi na ilungu likafa? Siri za tanuri zilikuwa mikononi mwa mafundi wachache, tena zilifundishwa kazini tu. Kazi ilipokoma, mafunzo yakakoma. Tuta lilikuwa mikononi mwa kila kaya, kila msimu. Ujuzi huishi ukitumika, na hilo ndilo analolifanya Asha wa Pumzi: anaitoa mbegu kwenye makumbusho na kuirudisha ardhini.

Vijana wa Rukwa wenye kipaji cha kuandika wanayo malighafi ya riwaya ambayo hakuna mwingine awezaye kuiandika vizuri kuliko wao. Waanze kwa kuwauliza wazee jina la kila sehemu ya tanuri, kwa Kifipa, na kuyaandika majibu wakati wazee hao bado wapo.