Kejeli na Mapokezi ya Wahakiki: Mfano wa Filamu ya The Long Goodbye

Makala haya yanachunguza uhusiano baina ya kejeli na mapokezi ya kazi ya sanaa kwa kuitazama filamu ya Kimarekani ya The Long Goodbye, iliyoongozwa na Robert Altman na kutolewa mwaka 1973. Hoja yetu ni kwamba kejeli haikamiliki ndani ya kazi yenyewe. Hukamilishwa na hadhira inayotambua kinachokejeliwa na kukubali kwamba kinastahili kukejeliwa.

Filamu hiyo inatokana na riwaya ya Raymond Chandler ya mwaka 1953. Mswada wake uliandikwa na Leigh Brackett, ambaye pia alishiriki kuandika ule wa The Big Sleep (1946). Katika filamu hiyo ya awali, Humphrey Bogart aliigiza mpelelezi Philip Marlowe kama mtu mkakamavu, asiyekosa jibu, na taswira hiyo ikakita mizizi katika fikra za watazamaji. Altman alimkabidhi Elliott Gould nafasi hiyo, akamweka mhusika katika Los Angeles ya miaka ya 1970 kama mtu aliyezinduka kutoka usingizi wa miaka 20, akiwa bado ameshikilia maadili ambayo wenziwe wamekwisha kuyatupa.

Kejeli ya filamu hii inajitokeza katika lugha na katika matukio. Kwa upande wa lugha, Marlowe hujisemea kwa kunung'unika, na kila aonapo jambo la ajabu hukariri kwamba kwake ni sawa tu. Kwa upande wa matukio, mwanzoni anajaribu kumhadaa paka wake kwa kutia chakula cha aina nyingine katika kopo la kile akipendacho. Paka hadanganyiki, Marlowe ndiye atakayedanganywa na rafiki yake, Terry Lennox. Mwishoni anampiga risasi rafiki huyo, jambo lisilokuwamo katika riwaya. Hapo "sawa tu" inafikia kikomo, na kejeli inageuka kuwa hukumu.

Filamu ilipoonyeshwa mara ya kwanza, Machi 1973, wahakiki wengi waliipokea vibaya, ikaondolewa. Oktoba mwaka huohuo ilifunguliwa New York kwa bango jipya lililochorwa na Jack Davis, mchoraji wa vibonzo wa jarida la Mad. Safari hii Pauline Kael aliisifu sana katika The New Yorker. Mwaka 2021 iliingizwa katika Rejista ya Kitaifa ya Filamu ya Marekani.

Je, bango peke yake linatosha kueleza mabadiliko hayo? La hasha. Bango lilitangaza dhihaka ambayo awali mtazamaji aliachiwa aigundue mwenyewe. Hata hivyo, waliotangulia kuikataa hawakuwa vipofu: waliona wazi kwamba shujaa wao amevuliwa utukufu, wakakiita kitendo hicho usaliti. Wengine waliona jambo lilelile, wakaliita uhakiki wa utanzu mzima. Kwa hiyo, tofauti yao ilihusu thamani ya kilichobomolewa. Mhakiki anayepima filamu kwa uaminifu wake kwa riwaya peke yake hana budi kwanza kujiuliza ni shujaa gani anayemtetea, na kwa nini.